Mkwe Wangu Kalala Pahala pa Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche, maneno yangu yaache kama yalivyo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nnakaa Mji Mkongwe na mume wangu. Miaka minne nyuma tulikuwa tunarudi kutoka kwetu Jambiani, tukaanguka na vespa, yeye akiendesha. Yeye alichubuka kiwiko, mimi nkaumia uti wa mgongo. Tokea kitovuni kwenda chini nimepooza, nnatumia kiti cha magurudumu.

Nilipotoka hospitali, mama mkwe alikuja kutoka Makunduchi kuniuguza. Mungu amlipe, kanigeuza, kanikosha, vidonda vimepona kwa mikono yake. Akawa analala na mimi kitandani, mume wangu akatandikiwa godoro ukumbini. Sawa, nlikuwa sijiwezi. Lakini sasa najigeuza mwenyewe, najikosha mwenyewe, napika mwenyewe, na mkwe bado yumo kitandani kwangu! Mume wangu ananiaga mlangoni kama mgeni.

Watu wanadhani miguu ikifa na hamu nayo imekufa. Nani kawaambia? Mume wangu nnamtaka. Nkamwita somo yangu, yule bibi aliyenifunda nilipoolewa, nkamwambia, "Somo, nifunde upya, mwili huu wa sasa siujui." Nlidhani atanionea huruma. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, kwani nilipokufunda nilikufunda miguu peke yake? Shingo unayo, masikio unayo, ulimi unao." Akanionesha namna ya kujiegemeza kwa mito, akaniusia nimalize haja ndogo kwanza nisije nkaadhirika.

Mkwe alipokwenda arusini kwao, nkajifukiza udi, nkamwita mume wangu. Alisimama pale pale mlangoni. "Naogopa ntakuumiza tena," akasema. Nkamwambia, "Unaniumiza zaidi kwa kulala ukumbini." Tulilia, tukacheka, mito ikaanguka. Yaliyobaki ni yetu. Ila jueni kwamba raha nimeipata, tena si ya kusingizia.

Mkwe aliporudi nkamwambia uso kwa macho, "Mama, ahsante kwa yote, lakini kitanda hiki ni changu na mwanao." Lo! Alipiga ukelele mtaa mzima ukasikia. "Huna haya! Wazima hawathubutu kumwambia mkwe maneno hayo, seuze wewe!" Akafunga vitu vyake, akarudi Makunduchi.

Sasa mawifi wananipigia simu. Ati nikamtake radhi mama yao na nimrudishe chumbani, la sivyo watamwozesha kaka yao mwanamke mzima. Mume wangu kaapa hatooa, lakini hali chakula kikamshuka. Mama yake hapokei simu zake, na radhi ya mama si kitu cha mchezo.

Nami yule mama nampenda, wallahi. Bila ya yeye nngekuwa nshazikwa. Nipo tayari kumfuata huko huko, nimbusu mikono, nimwombe msamaha kwa namna nilivyolisema. Lakini nilichokisema sikirudishi.

Nishaurini basi, nimtake radhi vipi mama wa watu na chumba kibaki chetu? Mwenye kutaka kunambia nitulie kwa kuwa nshakuwa kilema, asijisumbue kuandika. Mume wangu kajilaza hapa ubavuni kwangu, mchana mweupe huu, na mimi simwamshi kumsomea upuuzi.