Saa ya Mama Nadine ya Kuamuka Anaijua, Yangu Hajui

Admin, jambo. Tafazali ficha jina yangu, juu bwana yangu naye anasomaka page hii.

Mi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na munane, niko Kolwezi, mama ya batoto bane. Bwana yangu ni fundi wa courant, umeme. Alitumikaka ku mine miaka mingi, mine ikaanguka, bakafukuza bantu, na yeye akatoka. Hatujapumua bado, bakatuambia mu quartier yetu bantu bote batoke, juu ya minerai, madini, iko chini ya manyumba. Tukahamia huku njia ya Mutshatsha, fasi courant haifike. Njo nikaanza kufulia bantu manguo na mikono, na kuyapiga fer, ile pasi ya makala. Mikono yangu saa hii, musiulize.

Mama Nadine alikuwa jirani yetu kule kwa zamani. Mujane, muzuri, anajua kucheka na bantu. Na yeye balimutosha mu nyumba yake, lakini yeye akapanga nyumba mu centre, akanunua machine za kufua na za kukausha manguo, za guest house moja ilifungwa, anataka kufungua pressing, nyumba ya kufulia bantu manguo. Na nani amufungie courant ya fazi tatu, ile ya kamba tatu za moto ya machine kubwa? Tata ya batoto bangu. Nikasema sawa, kazi ni kazi.

Sasa musikie namna anatumikaka. Bafundi bengine banasoma kachuma ka nyuma ya machine, kale kanaandikwa nguvu yake, banajumlisha yote, basi. Yeye hapana. Anasemaka ukihesabu sawa vile zote zinawaka pamoja, unanunua kamba kubwa ya courant bure. Na kama haujue gani zinawaka saa moja, unazipakia zote ku fazi moja, ile inachoka, zile zingine mbili zinakaa tu. Machine moja ya kukausha inakula courant sawa ya manyumba tatu. Kwa hiyo lazima ajue siku yote ya mwenye kazi, tangu asubuyi.

Akaenda kukaa kwa Mama Nadine siku muzima, na kesho yake tena. Anarudia, anakula bukari, anaelezea bila mutu kumuuliza. Eti Mama Nadine anaamuka mbele ya jua. Eti anaanza na mashuka na maji ya moto, mashati anapenda kuyapiga fer muchana, na akichoka anapika chai ku réchaud ya courant. Na ile chai lazima aitie mu hesabu. Wivu ikanikamata, nikasukuma sahani yangu pembeni. Miaka yote ya ndoa yetu, huyu mutu hajaonaka vile mi nachoka.

Nikamuuliza: “Na mi, unajua naamukaka saa ngapi?”

Akacheka, tena si kwa ubaya. “Weye mama, hauna machine.”

Nikaosha masahani, nikalala nikimupa mugongo.

Kesho yake nikavaa liputa yangu ya muzuri, nikaenda kule sawa mutu anapita tu. Nikamukuta juu ya kiti, anahamisha kamba ya fer toka fazi moja kupeleka ku ingine, Mama Nadine chini anamushikia kiti. Kile kiti hakikuwa kinatikisika, niliangalia muzuri. Ku ubao ya courant fazi mbili zilikuwa zimejaa, ya tatu ilikuwa na nafasi mbili tupu. Nikauliza, na sauti ya kuchokoza, kama zile ni za mapenzi yao.

Mama Nadine njo alijibu. “Dada, zile ni zako. Bwana yako alikatala feza, alisema nimulipe na machine mbili, na ukuye kufulia bantu bako hapa. Mi nilikubali.”

Bwana yangu akashuka, akapanguza mikono ku suruali. Akaniuliza palepale, mbele ya ule mwanamuke: “Unaamukaka saa ngapi? Unafuaka nini kwanza? Niambie, nimalize hesabu.”

Ile swali nilikuwa ninaingoja tangu alinioa. Na ananiuliza mi wa pili, nyuma ya Mama Nadine. Balipanga maisha yangu babili bao, kisha njo bananiita kuitika. Nikatoka bila kujibu.

Sasa kazi imesimama. Banapashwa kupeleka ombi ya laini ku kampuni ya courant, lakini bwana yangu anasema hatapeleka hesabu ya nusu, juu akiongeza machine zangu kisha, yote itarudiliwa. Mama Nadine anatuma salamu kila siku, namna ananikasirisha. Nikikubali, mikono yangu itapona, lakini nitafulia mu nyumba yake, nikibaona bao babili banacheka kila siku. Nikikatala, ile nafasi atajaza na bintu ya Mama Nadine, na mi nitabaki huku na makala.

Leo asubuyi nilipotoka kuwasha makala, nikamukuta bwana yangu ameshakaa ku mulango. Akaniangalia tangu kuwasha mupaka shati ya kwanza. Sijui ananipenda ao anafanya hesabu.

Bamama muko mu ndoa, na nyinyi batata, munishauri bila kunicheka: nimuambie saa yangu ya kuamuka, ao ninyamaze?