Alamisho za Christabel

Kwa miaka minane Christabel Dado alikuwa mtu wa kuulizwa mambo ya kompyuta mjini Garsen, na shida ya mtu wa kuulizwa ni kwamba yeye mwenyewe huona haya kuuliza. Alizaliwa kijiji cha Hewani kwa wakulima wa migomba, akasoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, akafungua saiba, duka la intaneti, ya mashine mbili. Wapokomo na Waorma walimjia sawasawa: huyu cheti cha kuzaliwa, huyu pasipoti, huyu fomu ya basari ya karo. Kila ukurasa alioutumia aliuwekea alama kwenye kivinjari, ili kesho aufungue kwa kubofya mara moja. Alamisho zikapita mia tatu. Zake mwenyewe zilikuwemo pia: masomo ya Kifaransa, namna ya kupunguza tumbo kwa siku ishirini na moja, na makala ya kuacha tabia ya kuahirisha mambo, ambayo aliihifadhi mara nne ili aje aisome.

Mwezi wa tano kivinjari kikaingia wazimu. Ukifungua fomu, linachomoza tangazo la dawa ya nywele. Christabel akampigia simu Adan, fundi wa kompyuta aliyeko mji wa Madogo, naye akamshauri akiondoe na kukiweka upya, ila kwanza ahamishie alamisho zake kwenye flashi. Akamuuliza kama anajua namna ya kuzihamisha.

"Adan, mimi ndiye ninayewafundisha watu," Christabel akasema, akakata simu.

Alichofanya ni hiki: alichukua kile kidude cha duara cha kufungulia kivinjari, kilichokaa kwenye skrini, akakinakili kwenye flashi. Kazi ikaisha kufumba na kufumbua. Mambo ya miaka minane kuhama upesi hivyo yangemshtua mtu mwingine; yeye aliisifu mashine yake kwa kasi. Kisha akakiondoa kivinjari, na kilipouliza kama afute na kumbukumbu zake zote, akakubali, maana yeye hapendi uchafu.

Kivinjari kipya kikafunguka cheupe kama sahani iliyooshwa. Akachomeka flashi, akabofya kile kidude. Kikafunguka kivinjari kilekile, kitupu. Akabofya tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwa kiziwi. Mara ya tano ndipo alipoelewa: alikuwa amehifadhi ufunguo, na nyumba ameibomoa kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa bado ameduwaa alipoingia Mama Abdia, mfugaji wa Kiorma, kuchapisha barua ya mjukuu wake. Muna alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na Jumatatu alitakiwa chuoni na barua mkononi. Ukurasa wa ombi lake ulikuwa na anwani yake peke yake, ndefu, ya herufi na tarakimu, isiyopatikana kwa kutafuta.

Christabel akamwambia mtandao umekatika. Mama Abdia akasema atangoja, akaketi. Kwenye mashine ya pili, mteja mmoja, Dawood, alikuwa akitazama mieleka moja kwa moja kutoka mtandaoni, sauti juu, na kila mpiganaji alipobwagwa chini Mama Abdia aligeuka kumtazama Christabel. Baada ya mabwago matatu Christabel akashindwa kuvumilia.

"Mama, nimekudanganya. Mtandao upo. Nimepoteza kurasa zote, na wa Muna umo."

"Umepoteza wewe? Wewe mwalimu?"

"Mimi."

Mama Abdia akatoa simu ndogo kwenye pindo la nguo yake.

"Haya maneno ulinitumia mwezi wa pili, ukasema nisifute. Mimi kusoma sijui, lakini sikufuta."

Christabel akainakili ile anwani herufi kwa herufi, akakosea mara mbili, akarudia. Barua ikatoka. Alichapisha nakala mbili. Mama Abdia akaomba ya tatu, akisema hapa anaona vitu hupotea.

Ndipo Christabel alipokumbuka kwamba nusu ya mji amewahi kuwatumia anwani kama ile. Juma zima alipita kwa wateja akiwaomba wamrudishie, na kila alipoomba ilibidi aeleze sababu. Habari ikamtangulia, hata mtu mmoja akapiga kutoka Kipini kuuliza kama saiba bado ipo. Zikarudi alamisho mia na kumi na tisa. Za Kifaransa hakuna aliyekuwa nazo. Tumbo nalo likabaki vilevile.

Alipompigia Adan tena, safari hii alimwacha aseme, naye akaandika kila hatua: fungua orodha ya alamisho, chagua kuhamisha, hifadhi faili kwenye flashi. Lilikuwa faili dogo kuliko picha ya mbuzi.

"Dada," Adan akasema, "siku ile ulipokata, nilikaa na simu mkononi nikikungoja."

Christabel akaliweka faili kwenye flashi, na kwenye barua pepe, kisha akamtumia dada yake Lydia aliyeko Hewani. Lydia akapiga simu kuuliza alifanyie nini.

"Likalie tu," Christabel akamwambia, "na nikikuomba usinicheke."

Lydia akasema kukalia ataweza.