Mtihani wa Bibi

Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi baba yangu nitamsema.

Alikuwa mwalimu wa dini huku Mghange, miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana mkubwa. Ukichelewa kanisani dakika mbili, unasimama nje. Ukija na kanga iliyochanika, unarudi kwako. Padre alikaa Voi na alipanda huku milimani mara chache, kwa hiyo aliyeamua nani abatizwe ni baba. Alikuwa na kitabu cha maswali na majibu ya Kiswahili, na jibu alilitaka neno kwa neno.

Mama yake mzazi alifanya mtihani huo mara nne. Bibi hakuwa na makuu. Babu alibatizwa kabla ya kufa, akazikwa ndani ya ua wa kanisa, na asiyebatizwa hazikwi humo. Bibi alitaka kulala karibu na mumewe, basi.

Swali la kwanza: nani alikuumba? Bibi akajibu, "Mlungu." Ndivyo tunavyosema kwa Kidawida.

"Kitabu kimeandika Mungu," baba akasema. "Huyo Mlungu ni wa mapangoni, mnakotambikia mafuvu ya wazee. Rudi mwakani."

Mwakani, jamani, kwa herufi moja.

Nilimfundisha mwenyewe jikoni tukichambua maharagwe. Alitamka sawasawa, "Mungu, Mungu," mpaka tukacheka. Lakini akisimama mbele ya mwanawe ulimi ulimponyoka. Nilimwomba baba amhurumie, ni mama yake. Akanijibu kwamba kanisani hana mama, ana wanafunzi. Nilimchukia siku hiyo na sijaacha.

Baada ya mtihani wa nne bibi akaugua kifua. Baba alikuja kitandani na kitabu chake, akauliza lile swali. Bibi hakuwa na pumzi ya kujibu chochote. Baba akafunga kitabu akatoka. Kesho yake asubuhi bibi akafa, nasi tukamzika nje ya ua, kwenye mteremko wenye migomba.

Padre alipopanda tena alisimuliwa, akamgeukia baba mbele yangu. "Kwani hukummwagia maji? Mtu akiwa mahututi, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Hata binti yako huyu."

"Najua, padre," baba alisema. "Imo kitabuni, ukurasa wa mwisho. Lakini alikuwa hajafaulu."

Ukurasa huo hakutufundisha hata siku moja. Asubuhi ile bibi alipokuwa akikata roho, mimi ndiye niliyemnywesha maji. Alimeza kidogo tu. Yaliyobaki niliyamwaga nje.