Njia ya Mpakani Isiyo na Magari

Nakumbuka asubuhi ambayo bibi yangu alikaa chini, mavumbini, mbele ya tairi la baiskeli ya mdogo wangu, akasema tukitaka kupita tupite juu yake.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa umri wangu bado haujanipa ruhusa. Chuo nimemaliza juzijuzi tu, na hapa Ngulyati wazee wananiita "yule wa kwa nini". Lakini niliyoyasikia asubuhi ile yalinizeesha, na nisipokuambia mimi, sijui nani atakuambia.

Mdogo wangu Minza alikuwa anasoma sekondari upande wa Dutwa. Alikuwa anakwenda kwa baiskeli kupitia barabara ya lami, pamoja na mabasi na malori ya pamba. Siku moja basi lilimpita karibu mno akaangukia mtaroni, akarudi nyumbani amechunika goti na usukani umepinda. Baba akasema basi, atapangishiwa chumba karibu na shule. Mama akasema binti yake hakai geto peke yake, bora aache shule. Hawakuwa wanatania, wote wawili. Minza hakula siku ile.

Mimi nikaenda kutafuta njia. Iko njia ya zamani inayofuata mpaka wa kata yetu na kata ya jirani, juu kwenye vilima vya mawe. Magari yaliacha kuipita tangu daraja lake lilipobebwa na mafuriko. Kwa baiskeli unashuka, unaikokota kwenye mchanga wa korongo, unapanda ng'ambo. Baada ya hapo ni raha tupu. Kuna mlima mmoja wa kukata pumzi, kisha mteremko mrefu wenye changarawe ambao ukibana breki kwa adabu unakufikisha karibu kabisa na Dutwa. Ukiwa juu unaona mashamba ya pamba pande zote mbili, na husikii honi hata moja. Niliijaribu siku za mnada, maana ndizo siku nilizokuwa huru, na sikukutana na mtu. Nikajiambia, hii hapa shule ya Minza imepona.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyeitaka. Niliwauliza watu kwa nini, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Jirani alisema kuna chatu kwenye mawe. Mama alisema pana upepo mbaya. Baba alisema tu kwamba haipitiki, nami nikamwambia nimeipita, akainuka akaenda zizini. Bibi, mama yake baba, ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Alisema mtoto wa kike hapiti huko, kisha akageukia kunde zake. Nilicheka. Nilimweleza Minza kwamba chatu ambaye kila mtu anamjua na hakuna aliyemwona ni chatu wa mdomoni.

Ndipo ikafika asubuhi ile. Minza alikuwa na sare na begi mgongoni, mimi nimeshika baiskeli yangu nimsindikize. Bibi akatoka, akatembea hadi kwenye mwanya wa ua, akakaa.

"Bibi, mwangaluka," Minza alimwamkia, kama vile mtu kukaa pale ni jambo la kila siku.

"Mwangaluka, mayu, mama yangu. Rudisha hilo baiskeli ndani."

"Kwa nini?" niliuliza mimi. "Tuambie. Chatu? Upepo?"

"Hakuna chatu."

"Sasa nini?"

Bibi alimtazama baba, aliyekuwa ameacha kufunga jembe la ng'ombe na kusimama. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza alivyopika.

"Nilikuwa mkubwa kidogo kuliko Minza. Nilikuwa natoka dukani Dutwa na chumvi ya mama yangu. Pale penye mawe wakatoka vijana, wakanizunguka. Wakasema, chagulaga."

Neno hilo, mwanangu, kila mtu wa huku analijua, na wengi hulisema wakicheka. Maana yake ni "chagua". Vijana wanamfuata msichana, wanamzunguka, hawamwachi apite mpaka aonyeshe mmoja wao, na huyo anaondoka naye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuwasimulia wenzangu wa chuo kama kichekesho cha kwetu.

"Nikakimbia," bibi alisema. "Walikuwa wepesi kuliko mimi. Chumvi ikamwagika. Mmoja alikuwa amesimama nyuma kidogo, hajanishika. Nikamnyooshea kidole huyo."

"Mama," baba alisema. "Nyamaza."

"Nimenyamaza umri wako wote."

Nilikuwa nimeshaelewa, na bado nikauliza, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Alikuwa nani?"

"Babu yako."

Babu yangu alikuwa ananibeba begani kwenda kuangalia ng'ombe. Babu yangu alikuwa anamwachia bibi kiti na yeye anakaa chini. Nyumbani tuliambiwa walikutana njiani, na hadithi ilikuwa inaishia hapo, watu wakitabasamu. Kumbe njia ilikuwa hii niliyokuwa nikiisifia ukimya wake.

"Ulimpenda?" niliuliza.

"Nilimzoea, kisha nikampenda, baadaye sana. Alikuwa mume mwema. Siku ile hakuwa mwema. Alisimama tu, akangoja nimchague. Usiniambie niyachanganye."

Minza ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi na shahada yangu sikuwa nimelifikiria. "Bibi, bado wapo?"

Bibi aligeuza kichwa. Alimwangalia Sitta, mtoto wa baba mdogo, kijana anayechunga ng'ombe zetu. Sitta alikuwa anachora chini kwa fimbo.

"Sitta," nikasema, "mimi nimepita pale, sikuona mtu."

"Ulipita siku za mnada, dada. Siku za mnada vijana wote wanakuwa mnadani."

"Na siku nyingine?"

"Wanakaa pale juu, kwenye kivuli cha mawe. Wasichana wakitoka kisimani wanawazuia kidogo. Lakini siku hizi ni utani tu."

"Nani anacheka?" Minza aliuliza.

"Nini?"

"Kwenye huo utani. Nani anacheka?"

Sitta alirudia kuchora chini. Mama alikuwa ameshika mlango wa jiko, na uso wake ulinionyesha kwamba hata yeye ule upepo mbaya aliufahamu kwa jina lake halisi. Kila mtu mzima pale alikuwa anajua. Mimi niliyeuliza kuliko wote ndiye sikuambiwa, maana walidhani chatu angetosha.

Nilidhani baba atakasirika. Baba yangu si mtu wa maneno, na mama yake alikuwa amemvua nguo mbele ya watoto wake. Aliingia ndani akakaa humo, na nikajua shule ya Minza imekwisha. Alipotoka alikuwa anaikokota baiskeli yake ile ya kubebea magunia.

"Mama, inuka," alisema. "Naenda naye."

Bibi akampa mkono, baba akamwinua.

Tulikwenda baba mbele, Minza katikati, mimi nyuma. Korongo tulilivuka kwa kukokota. Mlimani mnyororo wa baba ulikuwa unalia kwa uzito wake na hakusimama. Pale penye mawe walikuwepo, vijana kadhaa, mmoja amelala kifudifudi juu ya jiwe. Walipomwona Minza waliinuka, na walipomwona baba wakakaa tena.

Baba alishuka. Kwa desturi yetu mdogo ndiye huanza salamu, lakini alianza yeye. Aliwataja kwa majina ya baba zao.

"Mnamjua mama yangu," alisema.

"Tunamjua, baba."

"Alizungukwa hapa. Mkono wake ulinyooshwa kutoka hapa niliposimama, kumwonyesha baba yangu. Mimi nimezaliwa kwa lile neno mnalolisema hapa. Leo amenieleza alivyokimbia. Nami nataka mniambie, kwa kuwa mnalijua neno hilo kuliko mimi, niende nikamwambie nini."

Aliyekuwa amelala alikuwa ameketi sasa, anatazama vidole vya miguu yake. Baba alingoja jibu kwa kweli, hakuwa anawatisha. Alipoona halipo akasema, "Mkilipata, njooni mumwambie wenyewe," akapanda baiskeli. Minza hakuchelewa shule.

Baba aliendelea kumsindikiza mpaka wasichana wa kaya nyingine wakajiunga, na sasa wanapita kundi zima, na mama mmojawapo nyuma yao. Bibi alisimulia tena kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wanaume wa rika lake. Wengine walitoka nje. Kati ya wale vijana, wawili walikuja nyumbani kumwomba bibi msamaha kwa niaba ya wale waliomzunguka, waliokwisha kufa. Wengine hawajaja.

Basi sikia, mwanangu. Uliza, na ukipewa chatu, uliza tena. Ukiona njia nzuri haina watu, usihesabu tu magari yasiyokuwepo. Tafuta kujua nani alifukuzwa pale. Ukiwa mtu mzima, mtajie mtoto hatari kwa jina lake, hata kama jina hilo linaaibisha nyumba yako. Na kama wewe ni kijana wa kiume, fahamu kwamba mtu aliyezungukwa hachagui. Kusimama nyuma kidogo hakukutoi kwenye lile duara.

Mungu akupe mlima unaouweza na mteremko usiokutupa. Akujalie kufika unakokwenda kwa sababu ulitaka kwenda, na uwakutapo watu njiani, wapishe, nao wakupishe.