Tanipu za Desi

Onsongo alikuwa na kazi ambayo kwao Kisii huwezi kuitaja bila watu kukutazama mara mbili: alikuwa mpishi wa mbwa. Mbwa mwenyewe aliitwa Desi, jike la memsaab, mke wa meneja wa shamba moja la chai upande wa Kimulot, na alikuwa amenenepa hata ngazi za baraza zikamshinda. Mwaka wa 1967 daktari wa mifugo alimsikiliza moyo, akaamuru nyama ipunguzwe nusu na pengo lijazwe kwa tanipu, ule mzizi mweupe wenye mabega ya zambarau. Memsaab alikuwa ameupanda nyuma ya jiko, na wachuma chai hawakuwahi hata kuutamani.

Masharti yalizidi ya mgonjwa wa hospitali. Tanipu imenywe, ikatwe vipande vidogo kama punje za mahindi, maana kipande kikubwa kibichi kingeweza kumkaba mbwa koo. Ichemshwe mpaka ilainike. Chumvi marufuku, mafuta marufuku, na kitunguu ni sumu kabisa. Ikipoa ichanganywe na nyama, tena kwa kiasi, la sivyo tumbo lingejaa hewa na bangalo zima la meneja lingejua. Onsongo aliyashika yote. Taabu ni kwamba Desi hakutaka. Alichagua nyama, akaacha vipande vya tanipu ukingoni mwa sahani, vimerambwa vikawa safi.

Siku ya nne memsaab akasema kama mbwa hali, atatafutwa mpishi mwingine. Mpishi mwingine maana yake ni kuhama nyumba ya mawe waliyopewa nyuma ya bangalo, yeye na mkewe Sellah na watoto watatu, mkubwa wao Drusilla akiwa ndiyo kwanza ameanza shule. Basi Onsongo akafanya jambo alilokuwa akimwona mama yake akiwafanyia wajukuu. Alitazama huku na huku, akatia kipande mdomoni, akakitafuna, akakitema kiganjani. Desi akakiramba, akakaa akingoja kingine.

Kazi ikapona, lakini Onsongo alikuwa amejipalia makaa. Tangu siku hiyo mbwa hakugusa tanipu ambayo haikupitia kinywani mwa mtu, na aliyeijua siri hiyo alikuwa mmoja tu.

Mwaka uliofuata Makori, mchuma chai wa kijiji kimoja naye, alirudi kutoka nyumbani na habari kwamba nyumba ya mama yake, Nyambeki, inavuja. Onsongo alikuwa kitinda mimba. Nyumba ya mama ilikuwa yake kuirithi na paa lake lilikuwa lake kuliezeka. Kaka zake wasingelipanda hata kwa kubembelezwa. Akaenda kuomba ruhusa ya wiki moja. Memsaab alimjibu kwa kile Kiswahili cha barazani:

"Kama Desi nakula kwa Chepkosgei, wewe nakwenda. Kama hapana kula, hapana kwenda."

Chepkosgei, mama wa kufua nguo pale bangalo, alifundishwa masharti yote akayafuata kama katekisimu. Desi alinusa sahani, akageuza kichwa. Onsongo alisimama kando na siri yake mdomoni. Aibu ilimziba, kwani wanaume wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, wangemwita mama mbwa mpaka azeeke. Hofu nayo ilimziba zaidi. Siri ile ndiyo iliyokuwa ukuta wa nyumba yake. Akiitoa, yeyote mwenye meno anaweza kuwa mpishi wa Desi. Walijaribu mara tatu, na mara tatu akanyamaza. Masika yakapita, na mengine yakaja. Kila asubuhi alimtafunia yule mbwa huku akimchukia, na Desi akampenda kuliko memsaab.

Makori akaenda nyumbani tena, akarudi. Safari hii hakuketi.

"Ndugu, mama hayuko kwa nyumba yake tena. Ukuta ilianguka. Analala kwa jiko ya bibi ya kaka yako, na meno imeisha yote. Sasa wewe utaezeka nini?"

Onsongo hakulala vizuri. Asubuhi alimwita Chepkosgei nyuma ya jiko akamwambia yote, macho yakiwa chini. Alitegemea kicheko. Chepkosgei hakucheka.

"Na miaka hii yote ulikuwa unangoja nini, Baba Drusilla?"

Akatia kipande mdomoni, akatafuna, akanyoosha kiganja. Desi akala bila hata kunusa, mkia ukipiga saruji. Onsongo aliyekuwa ameombea jambo hilo aliona wivu, akajiona mjinga. Memsaab aliyeona kupitia dirisha alitoka akampa siku saba, akasema Chepkosgei yuko mzuri sana, na Onsongo akirudi ataangalia kama kuna kazi.

Nyumbani alisimamisha nguzo mpya za nyumba ya mama kwa siku nne. Jioni ya nne alimenya viazi vitamu, akavikata vidogo kama punje za mahindi, akavichemsha mpaka vikalainika, akavipoza, akampelekea mama. Mikono ilifanya yenyewe. Nyambeki alikula polepole kwa ufizi, akamaliza, kitu ambacho watu wa nyumba ile walisema hawajakiona tangu mavuno.

"Hapa wananipa mahindi," alisema. "Ni nani alikufundisha kupikia mtu hana meno?"

Onsongo alikuwa ameshamwambia Chepkosgei, na memsaab ameona kwa macho yake. Alidhani aibu ile imekwisha, lakini neno mbwa lilikataa kutoka.

"Nilijifunza kazini, mama."

"Basi hiyo ni kazi nzuri," Nyambeki akasema, akimrudishia bakuli. "Usiiache."

Onsongo akainama, akaanza kumenya kiazi kingine.