Hakuna Mtu Husema Sawa

Tulipata pancha tukiingia Nuu, mahali ambapo sikuwa nimepanga kushuka. Mwenye boda boda akaenda kutafuta fundi, nami nikaingia hoteli ya Kavindu, mkabala na soko la mbuzi. Kiti kilichobaki kilikuwa mezani pa msichana aliyekuwa ameilaza simu yake kifudifudi, kama kitu kinachoweza kuuma.

Jina lake Ismahan. Amesomea afya ya mifugo, na tangu amalize chuo hajapata kazi. Sasa shirika moja la Mwingi lilitaka mtu wa kuzunguka vijijini kuchanja wanyama. Asubuhi hiyo mama wa ofisini alimpigia kumuuliza anatarajia mshahara gani.

Ismahan amekulia sokoni. Mjomba wake, Guled, ni broka wa mbuzi, na kwao bei hutajwa ili ipunguzwe. Moyoni alikuwa na elfu thelathini na tano. Akasema sitini, akangoja.

"Akasema, 'Sawa, nimeandika,' akakata simu," aliniambia. "Hakuna mtu husema sawa."

Guled aliingia na fimbo begani, akasimuliwa.

"Bila kubishana? Basi umejiuza rahisi. Ungesema themanini."

"Ama hanunui," Kavindu akasema kutoka jikoni. "Mnunuzi hulia kidogo. Mbuzi wako, Guled, kila Jumatano wanaitwa mifupa."

Kavindu alitaka Ismahan apige simu sasa hivi aseme hata thelathini inatosha, kazi kwanza. Guled hakutaka kusikia. Muuzaji akishusha bei bila kuombwa, watu huanza kumtafutia mnyama ugonjwa. Ismahan aliinua simu, akairudisha, akaiinua tena. Mwishowe akanigeukia mimi, kwa kuwa nilionekana mtu wa kutembea. Nikamweleza kwamba kuna nchi ambako mshahara huandikwa kwenye tangazo, na nyingine ambako kuutaja mapema ni kukosa adabu. Alinitazama kama niliyemtilia chumvi kwenye chai.

Ujumbe uliingia kabla ya adhuhuri. Afike Mwingi saa tisa na vyeti vyake. Kuhusu pesa, kimya. Guled aliusoma akaona sitini imepita. Kavindu aliusoma akaona watu wanaoita kila mtu ili wamchague wa bei ya chini. Ismahan aliusoma mara nyingi kuliko wote, na sidhani aliona chochote.

Lori la mbuzi la Guled lilikuwa linaelekea huko. Ismahan akapanda mbele, bahasha ya vyeti mapajani, akatoa kichwa dirishani.

"Mgeni, wakiniuliza tena?"

"Waulize wao wametenga kiasi gani."

"Na wakinyamaza?"

Lori likang'oka. Mwenye boda boda wangu alikuwa bado hajarudi.

"Sitini inaweza kutoka kweli?" Kavindu akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Akaitazama gilasi ya Ismahan, chai imebaki nusu, akaifunika kwa kisahani na kuiacha palepale.