Msumari wa Kumi

Muuguzi mkuu wa wodi aliyolazwa mwanangu ameniletea daftari jipya na kalamu mbili, eti niandike habari za mwanangu ili watu wa kwenye foleni wapate cha kusoma. Kana kwamba foleni yenyewe haiwatoshi. Nikamwambia shule niliishia darasa la pili. Akasema, "Bibi, andika unavyoongea." Haya, naandika. Atakayecheka mwandiko wangu aje acheke mbele yangu nimhesabu meno.

Mwanangu alikuwa fundi wa makochi. Ufundi aliupata kwangu, maana baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na karakana ikabaki mikononi mwangu. Nilimfundisha kuvuta kitambaa mpaka kilie, kufunga springi kwa kamba, na kuweka vimisumari mdomoni, kumi kwa mpigo, ili mkono mmoja ushike kitambaa na mwingine nyundo. Unasukuma kimoja kwa ulimi, nyundo ya sumaku inakidaka, unagonga. Mashine za kupiga pini zilipokuja wenzetu wote wakanunua. Mimi nilikataa zisivuke mlango wangu.

Watu walimwita Kochi. Alikuwa mnene, akikaa kwenye kigoda, kigoda hukioni, na tumbo lilitangulia kuingia mlangoni, yeye akafuata. Mwenyewe alitania, "Mama, mimi ndiyo sampuli ya dukani." Sigara haikukauka kidoleni. Na chupa yake ilikaa ndani ya fremu moja ya kochi isiyoisha miaka yote. Nilijua, na seremala wa jirani alijua, maana walikunywa pamoja kila jioni. Mke wa mwanangu akinililia, "Mama, wewe anakusikiliza, mwambie," namjibu, "Umeshamsikia mteja akilalamika kochi limechelewa?" Hapo anaufyata. Zahanati walishamwambia damu yake ina mafuta mengi na sukari imepanda. Vidonge alimeza mwezi mmoja, akaviacha juu ya kabati. Sikumuuliza kitu. Mtu wa miaka arobaini na sita unamuuliza vidonge?

Jumatatu asubuhi alikuwa anamalizia kochi la watu watatu. Ghafla nyundo ikaanguka. Akajishika chini ya kifua, jasho likamtoka, akatema vimisumari kiganjani mwangu.

"Inachoma, mama. Inatokea mgongoni."

Nikahesabu. Tisa.

"Uliweka vingapi?"

"Kumi. Nadhani kumi."

"Basi kimoja kimeshuka."

Seremala akachungulia dirishani. "Kochi, umeanza kula malighafi?" Tukacheka, hata mwanangu alijaribu kucheka.

Sasa kwetu karakanani fundi akimeza msumari analishwa mkate uliolowekwa mafuta, mwingi, mpaka aseme basi. Mkate unauviringisha msumari, mafuta yanautelezesha. Mimi ujanani nilimeza viwili na vyote vilitoka. Kwa hiyo nikamlisha. Akatapika. Nikaloweka mwingine, nikamlisha tena. Akatapika maji ya kijani.

"Mama, twende hospitali," mkewe akasema.

"Umemeza misumari mingapi wewe katika maisha yako?"

"Sijameza hata mmoja."

"Basi kaa chini."

Siku mbili hakulala kitandani. Alikaa ameinama juu ya mkono wa kochi, maana akijinyoosha alilia kama mtoto. Jumatano mkwe wangu hakuniomba ruhusa tena. Alileta teksi, akamwingiza mumewe kwa kusaidiana na seremala, nami nikapanda mbele.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Mwanangu hakuweza kuongea kwa maumivu, kwa hiyo daktari akaniuliza mimi.

"Anakunywa pombe, bibi?"

"Hapana."

"Sigara?"

"Havuti."

"Aliwahi kuambiwa ana mafuta mengi kwenye damu? Sukari? Mawe kwenye nyongo?"

"Mwanangu mzima. Amemeza msumari. Mpige picha."

Mkwe wangu alinitazama, kisha akatazama sakafu. Picha ikapigwa. Binti akainyanyua kwenye mwanga.

"Hakuna msumari, bibi."

"Angalia tena."

Akaangalia tena, kwa heshima tu. Majibu ya damu yaliporudi, mkwe wangu akafungua mdomo, akasema yote: chupa, miaka, sigara, vidonge vya kabatini. Mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari akanieleza habari ya kongosho. Ni kiungo kimejificha nyuma ya tumbo, kinatoa maji ya kuyeyusha chakula. Kikivimba, yale maji yanaanza kukila chenyewe. Akasema wengi hupona wakiwahi.

"Na huyu?"

"Unene wake, pombe, sigara, sukari, na mafuta yale kwenye damu, vyote vinaelekea upande mmoja, bibi. Na amekaa siku mbili anatapika, mwili umekauka. Figo zimeanza kuchoka."

"Na mkate?"

"Mkate haukuuleta ugonjwa. Ulimchelewesha."

Walipomsukuma kwenda chumba cha mashine, cha wagonjwa mahututi, alinishika kanga, akasema kwa taabu. "Mama, ungewaambia tu." Nikamjibu, "Nyamaza, watu wanasikia." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Siku ya nne figo zikagoma, ya sita akawa anapumua kwa mashine. Nilikaa kwenye benchi la nje nikimwambia kila aliyepita kwamba mwanangu ana nguvu, hajui kushindwa na kitu. Siku ya kumi na saba wakaizima mashine.

Mkwe wangu amehamia kwao na watoto. Tukikutana ananipa shikamoo, napokea, basi. Karakana nimefunga.

Sitaki pole yako. Wewe uliyekaa hapo kwenye foleni, una mtu wako mwenye tumbo lililotangulia na chupa iliyofichwa, na unajua ilipofichwa. Nenda naye akapimwe damu. Daktari akiuliza, sema chupa ngapi na tangu lini, hata mtu wako akikukanyaga mguu chini ya meza. Kisha andika humu, ukurasa wa nyuma, kwamba umesema. Kwa herufi kubwa, nitakuja kusoma.